Kivuli Nilichokataa Kukiinua

Kila anayeshika kamera hapa Maskati huambiwa jambo moja siku ya kwanza: mandhari haipigwi mchana. Toka alfajiri, jua linapochungulia, au subiri baada ya alasiri, mwanga ugeuke dhahabu na milima ilainike. Mchana hapana. Mchana weupe unaungua, vivuli vinageuka mashimo, kamera haijui ishike lipi iache lipi, na picha inakufa mkononi. Nimeambiwa hayo na vijana walionunua kamera juzi. Nimeambiwa na wastaafu wenye lenzi ndefu kuliko mkono wangu. Mwenyekiti wa chama chetu cha wapiga picha ameniambia zaidi ya mara moja, kwa upole ule wa mtu anayemfundisha mtoto kufunga kamba za viatu. Niliwasikiliza wote, nikawashukuru, na Ijumaa iliyofuata nikatoka saa sita mchana.

Watu hudhani ni ukaidi. Ukaidi umo, sikatai, nimezaliwa nao, na marehemu baba alikuwa akiusema mbele za watu. Lakini hebu niulizwe kwanza huo mwanga wa dhahabu mimi ningeupatia wapi. Alfajiri yangu ni ya mama. Mama ana sukari, na mimi ndiye binti niliyebaki nyumbani, sijaolewa, hamsini nimeshaipita. Nikitoka kwenye mswala nampima, namdunga sindano, namkorogea uji, namkanda miguu, na nikija kuinua kichwa jua limeshapanda juu ya mapaa ya mtaa wetu wa Mabela na mimi nachelewa kazini wizarani. Na baada ya alasiri? Baada ya alasiri ni wageni. Nyumba ya watu wa Unguja haifungwi mlango wakati huo. Wanakuja wajomba na wake zao, mashangazi, majirani wa zamani wa mama aliokuja nao huku, na kila mmoja anywe kahawa, ale halwa, aulizwe hali ya magoti yake. Anayemimina ni mimi. Simwachi mgeni mpaka atikise kikombe kuonyesha ametosheka, na wako wasiotikisa mpaka adhana ya magharibi.

Saa hiyohiyo wanachama wenzangu wako juu ya vilima, kamera kwenye stendi, wanapiga dhahabu. Wengi ni wanaume, na wasichana wachache ambao majukumu hayajawakamata. Ilinichukua muda kuliona hili, na nilipoliona nilikasirika, na hasira hiyo sijaimaliza bado. Wao pia wana mama zao, na mama zao wana wageni, na kuna mwanamke mahali fulani ameshika birika ili bwana mkubwa apate kusimama kilimani na kutangaza kwamba mwanga wa mchana haufai.

Kilichobaki kwangu ni Ijumaa adhuhuri. Ijumaa asubuhi nampeleka mama kwa kaka yangu, mtaa wa Madinat Sultan Qaboos, akashinde na wajukuu, na siku hiyo wifi yangu ndiye anayepika. Natakiwa niwepo sinia linapowekwa, wanaume wakisharudi msikitini. Katikati hapo nina muda wangu. Maduka yamefungwa, barabara ni tupu, imamu yuko kwenye hotuba na jua liko juu ya vichwa. Kama huo ndio mwanga niliogawiwa, nikaapa, basi hakuna atakayeujua kunishinda.

Na nikaujua. Maskati ni mji wa nyumba nyeupe chini ya milima myeusi. Adhuhuri ukuta uliopakwa chokaa unamulika mpaka macho yanatoka machozi, na pembeni yake tu jabali limekaa kwenye kivuli chake, jeusi ti. Jicho la mtu linahangaika hapo, sembuse kamera. Ukipima mwanga kwenye jabali, ukuta unapotea, unabaki karatasi tupu. Ukipima kwenye ukuta, jabali linazama. Wenzangu wana dawa yao: wanapiga picha tatu bila kuisogeza kamera, moja ya weupe, moja ya katikati, moja ya kivuli, kisha wanazishona pamoja kwenye kompyuta. Kila kijiwe kinaonekana. Na mimi nilishona, mwaka mzima, kwa bidii, na kila nikimaliza naona kitu kama ukumbi wa harusi uliowashwa taa zote. Hamna mchana mle. Hamna joto. Anayeitazama hafinyi hata jicho.

Nikaacha kushona. Siku hizi napima kwenye weupe tu. Nashusha mwanga mpaka alama za brashi ya chokaa zionekane ukutani, hapo nasimama, na vingine vyote viende vinakokwenda. Kivuli kikianguka, kianguke. Mtu wa hapa akifungua mlango wake adhuhuri ndivyo anavyoona: weupe unampiga usoni, na kwingine kote ni giza mpaka macho yazoee. Sijazua kitu. Nimekataa tu kuupaka mji wetu poda.

Kazi yenyewe haina raha. Stendi inaunguza viganja, nimeizungushia vipande vya kanga kuukuu. Kioo cha nyuma ya kamera hakionekani kwa jua, kwa hivyo tunajifunika mtandio mimi na kamera, nachungulia humo kama mtu anayejifukiza udi. Kisha nafika kwa kaka nimechelewa, uso umeiva, abaya ina vumbi mpaka magotini, na wifi yangu ananitazama mimi, halafu analitazama sinia.

"Bibi harusi wa jua kaja," anasema kaka. "Msogezeeni wali, ndugu yenu katoka kuolewa."

Nakula wali wangu. Picha ninayo ndani ya mkoba, na hilo linanitosha.

Ijumaa ninayoisimulia nilikwenda Sidab. Nyumba zimebanwa pale kati ya jabali na bahari, na nyuma ya nyumba za mwisho jabali limeinama kwa mbele, linaangusha kivuli kimoja kikubwa ambacho jua halikifikii. Pembeni ya kivuli hicho kuna ukuta mrefu wa uwani, na wakati ule ulikuwa ndiyo kwanza umepakwa chokaa. Niliuona siku moja nikipita, nikalala nao kichwani wiki nzima. Nilitaka picha igawanyike katikati: nusu ukuta, nusu giza, na baina yao mstari mwembamba wa mwanga. Giza tupu, bila hata kokoto moja.

Nikaweka kamera. Ukuta ukanitoa jasho. Kila nikishusha mwanga bado kona moja inaungua, na macho yananiwasha kwa chumvi. Nikaanza kulitukana jua kwa Kiswahili, peke yangu, maneno ambayo mama hajui kwamba nayajua.

"Taratibu, khala. Jua halina masikio."

Niliruka. Sauti ilitoka kivulini. Nilikuwa nimeitazama chokaa muda mrefu, na upande ule sikuona chochote ila weusi. Ilikuwa sauti ya mwanamke kijana, ameniita khala kwa adabu, kama anavyoitwa dada wa mama mtu, na Kiswahili chake kilikuwa cha kwetu, cha mjini Unguja. Nikauliza, nani huyo? Kikaja kicheko, kisha kicheko cha pili, cha mtu mzima zaidi. Nikasogea, nikaingia kivulini, nikasimama mpaka macho yakakubali. Wanawake wawili walikuwa wamekaa juu ya mkeka, wameegemea jabali, chupa ya chai katikati yao. Walikuwa wananitazama tangu nilipoegesha gari.

Mmoja alikuwa jirani wa makamo, mwenyeji wa palepale, asiyejua Kiswahili. Yule aliyesema alikuwa kijana, wa miaka thelathini na kitu. Amevaa nguo pana isiyo na rangi wala nakshi, hana hina, hana wanja, hana hata pete. Nikajua kabla hajaniambia. Nikampa pole ya msiba.

"Ahsante, khala. Na unaloliwaza nnalijua. Eda yangu haijesha, na mie nipo nje."

"Mie sijasema kitu."

"Macho yamesema."

Akanieleza mwenyewe, bila mimi kumuuliza. Nadhani kwa sababu alikuwa hajasema Kiswahili na mtu tangu msiba ulipoanuliwa. Kwao ni Mabela, si mbali na kwetu. Akaolewa Sidab, mumewe akafariki ghafla, na sasa alikuwa anakaa eda nyumbani kwa wakwe, chumba cha juu, pazia limeshushwa mchana na usiku, na watoto wake wawili wanacheza chini bila yeye. Wifi yake alikuwa ameshasema, kwa sauti ya kusikika, kwamba huyu mjane halii vya kutosha. Tena alikuwa ameshasema kwamba mwanamke asiyejua kukaa eda arudi kwao, na watoto wabaki kwa ndugu wa baba yao. Jirani huyu ndiye aliyekuwa akimwokoa. Ijumaa, wanaume wakienda msikitini na mama mkwe akijinyoosha, alimshusha kwa mlango wa jikoni mpaka hapa kivulini, akavute hewa mpaka hotuba iishe.

"Nnakaa tu," akasema. "Sisemi na mtu. Leo umenitia dhambini wewe kwa matusi yako." Akacheka tena, kisha akajiziba mdomo upesi kwa mtandio.

Nilikereka, si naye. Nimekaa kwenye vikao vingi vya wanawake, nimemimina kahawa huku mjane wa watu anapimwa machozi, na siku zote nilinyamaza. Sheria ya dini naijua na naiheshimu. Lakini ile ya kuhesabu mtu kacheka mara ngapi, hiyo tumejitungia sisi.

Jirani akasema neno kwa Kiarabu, akinyooshea kamera. Kijana akanifasiria: "Anauliza, hiyo imetuchukua?"

Nikaifungua kamera kwenye stendi, nikawaletea, nikawaonyesha kioo chini ya mtandio. Ukuta mweupe, mstari, giza. Wakatafuta. Kijana akapitisha kidole juu ya weusi ule taratibu.

"Sisi tuko wapi?"

"Hampo."

"Na mtu akiongeza mwanga?"

Hilo hakunilazimisha mtu kulijibu, na nilikuwa na hiari ya kumdanganya. Nikamwambia kweli: kamera za siku hizi zina uchoyo, hubakiza gizani zaidi ya yale yanayoonekana, na anayetaka anaweza kuyavuta juu.

"Lakini huyo mwenye kuvuta ni mimi," nikasema. "Na mie giza hili simfungulii mtu. Wallahi simfungulii."

Akanitazama, ananipima kama ninavyopima ukuta. Kisha akamweleza mwenzake, wakazungumza kidogo, na yule mtu mzima akatikisa kichwa kukubali.

"Basi piga," akasema kijana. "Ila hatuondoki. Kivuli tunacho hichi hichi kimoja."

Nikarudi juani, nikapiga. Safari hii kona ikatulia, chokaa ikaonyesha mistari yake, na giza likakaa kama nilivyolitaka. Nilipobonyeza mara ya mwisho nikasikia anacheka, jirani yake alikuwa amemwambia kitu. Nilikuwa najua, hapohapo, kwamba sijawahi kupiga picha nzuri kama ile.

Nikaipeleka kwenye maonyesho ya chama. Nakala niliyoipeleka nilikuwa nimelishusha giza mpaka chini kabisa, ungeivuta vipi usingepata kitu. Sikutarajia makubwa, picha zangu huwekwa kwenye ujia wa kwenda vyooni, mwaka ambao zimewekwa. Lakini safari hii mwenyekiti alinipigia simu mwenyewe. Ni mhandisi mstaafu, mtu wa heshima zake. Wazazi wake walikuwa wafanyabiashara bara, kule Tabora, na Kiswahili chake ni cha huko mpaka leo.

"Dada yangu, hongera sana. Kamati imekubaliana, picha yako ndiyo ya ukuta wa mbele. Mtu akiingia tu, anaanza na yako."

Nilikuwa kwenye ngazi za wizara. Nikakaa palepale, watu wakanipita na karatasi zao. Hakuna mwanamke aliyewahi kupewa ukuta wa mbele.

"Ila kuna mambo mawili madogo," akaendelea. "Unaijua sheria yetu. Picha ya ukuta wa mbele lazima ije na faili lake la asili, lile lile lililotoka kwenye kamera."

Sheria naijua, na niliinyooshea mkono ilipopitishwa. Kuna mwanachama aliwahi kutundika jangwa lenye mawingu ya kupendeza mno, ikaja kujulikana mawingu yalikuwa ya nchi nyingine kabisa. Sikuwahi kufikiri kwamba sheria ya ukuta wa mbele ingeweza kunihusu mimi.

"Na la pili ni hicho kivuli. Dada, kimekufa. Nusu nzima ya picha haina kitu. Wewe tuletee faili tu, vijana watakiinua kidogo, watu waone mawe. Hata chai haitapoa."

"Kivuli nimekiacha makusudi."

"Najua, najua, una mtindo wako. Lakini ukuta wa mbele! Wageni watasema chama kizima hakijui kupima mwanga."

Nikamwambia nitamjibu. Kisha nikafanya kosa ambalo mtu wa nyumba kama yetu hapaswi kulifanya: nikamwambia mama habari njema kabla sijamaliza habari mbaya. Kufika magharibi wageni wote walikuwa wanajua. Siku ya pili walijua mpaka Unguja, maana mama hutuma ujumbe wa sauti kwa ndugu zake, mrefu, na anarudia palipo patamu. Alishaamua avae nini, akae kiti kipi, na nani asiambiwe ili aje kusikia pembeni na roho imuume.

Nikalifungua faili la asili kwenye kompyuta. Nilijiambia nataka kuona kama kuna njia. Pengine mawe yangeweza kutoka bila watu. Niliapa kutomfungulia mtu, nikajidai kwamba mimi si mtu. Nikaanza kukiinua kivuli kidogo kidogo. Yakatoka mawe, mekundu, mazuri. Ukatoka ukingo wa mkeka, ikatoka chupa ya chai. Halafu akatoka yeye.

Kichwa amekilaza kwenye jabali, mdomo wazi, meno yote nje, anacheka kwa tumbo. Mkono ulikuwa njiani kuja kuziba mdomo na ulikuwa haujafika. Jirani yake kamgeukia, anamtazama alivyofurahi, na yeye mwenyewe anatabasamu.

Nitasema wazi: niliitaka ile picha. Niliitaka kwa uchoyo. Wote walioninyooshea kidole kwa miaka kuhusu mwanga wa mchana wangefunga midomo yao siku ile ile. Weupe upo, weusi upo, na ndani ya weusi kuna uso ambao wao hawajawahi kuupata kwa dhahabu yao yote. Nikafikiri kuwakata, nikafikiri kuwafuta nyuso kwa mkono. Lakini kamati inataka faili lenyewe, si nililolichezea, na faili likishafika kwa vijana wa chama liko kwenye simu za watu. Maskati hii picha inatoka Sidab inafika Mabela kahawa ikiwa bado moto. Wifi mtu ana simu kama kila mtu. Anatafuta machozi usiku na mchana, halafu mimi nimletee mjane wa kaka yake, nje ya nyumba, anacheka hivi. Na ndani ya nyumba ile kuna watoto wawili.

Nikalifuta. Nililifuta kwenye kompyuta, nikalifuta kwenye diski ya akiba, nikaisafisha kadi ya kamera mpaka ikawa tupu. Baadaye nilisimama jikoni nikiosha vikombe vya wageni na nikalia, kwa sababu ilikuwa picha bora ya maisha yangu na nimeiua mwenyewe. Mjane eda yake ilikwisha zamani, ana wanawe, ana nyumba yake, na yeye ndiye aliyeniambia niandike. Lakini siku ile sikuwa nayajua hayo. Siku ile nilijua tu kwamba sitaki mtu mwingine aje awe na uwezo wa kulifungua lile giza, na mtu niliyemwogopa kwanza ni mimi.

Mama alipata habari zilizobaki.

"Mie nshawambia watu!"

"Nnajua, mama."

"Na hilo faili lina nini hata usiwape?"

"Nimemuapia mtu."

"Mtu gani?"

"Siwezi kusema."

Akavuta mtandio wake, akanigeuzia mgongo. "Basi huyo mtu wako aje kesho awamiminie wageni kahawa, na awaeleze mwenyewe."

Alinuna, akala kidogo makusudi ili nimwone. Sikumlaumu. Alikuwa amesubiri muda mrefu kupata la kusema kuhusu binti yake asiyeolewa, na mimi nimempa kisha nimemnyang'anya.

Siku ya kutundika picha ilikuwa baada ya alasiri. Nilimpigia wifi yangu, nikamwambia leo birika ni lake. Akaanza kuuliza, nikamwambia tena kwamba leo birika ni lake. Nikaendesha gari mpaka ukumbini.

Picha yangu ilikuwa imeshaegemezwa chini ya ukuta wa mbele, kubwa, ndani ya fremu, inasubiri msumari. Wanachama walikuwa wameizunguka. Mwenyekiti akanipokea vizuri, akaniuliza mama hajambo, kisha akauliza faili.

"Sina."

"Limepotea?"

"Nimelifuta."

Kukawa na kelele. Mmoja akasema kwa Kiarabu, bila hata kupunguza sauti, kwamba haya ni mambo ya mawingu yale yale. Mwingine akasema hapana, huyu hajui kupima tu, ameona aibu. Niliwaelewa wote wawili, na walijua ninawaelewa. Mwenyekiti akawanyamazisha kwa mkono. Sikatai, ni mtu mwema. Akanivuta kando kidogo, lakini si mbali kiasi cha wengine wasisikie.

"Dada yangu, mimi sitaki uondoke na aibu hapa. Tufanye hivi. Useme tu kwamba kivuli ni kosa la kupima mwanga, jambo la kawaida, linatokea hata kwetu. Ukisema hivyo, faili halina haja, tunaitundika upande wa ndani. Mama yako ataiona. Mambo yanaisha."

Ilikuwa njia rahisi. Neno moja tu, kosa, na mama angekaa kwenye kiti alichokichagua. Nikaitazama picha. Chokaa ilikuwa inamulika mpaka mle ndani ya ukumbi, mtu mmoja aliyesimama mbele yake alikuwa amefinya macho bila kujijua. Nikajisikia joto la Ijumaa ile kwenye viganja vyangu.

"Si kosa," nikasema, na nikasema kwa sauti ili iwafikie wote. "Nimepima nilivyotaka. Weupe ni wangu na weusi ni wangu. Nimesimama juani hapo nyinyi mkiwa mmelala, na ningerudi kesho ningepima vilevile. Andikeni mnavyotaka, lakini mimi kosa silisemi."

Kijana mmoja alikuwa amechuchumaa mbele ya fremu. Amewasha taa ya simu yake, anamulika ile nusu nyeusi, anasogeza uso karibu na kioo kama mtu anayechungulia ndani ya kisima. Wengine wawili wakainama nyuma yake.

"Basi dada," mwenyekiti akasema, na safari hii hakuwa mpole, alikuwa anataka kujua kweli. "Hebu tuambie. Humo ndani kuna nini, hata ukaukataa ukuta wa mbele?"

Nikamwomba kijana anipishe. Nikainyanyua picha, nzito, nikaigeuza uso uelekee kifuani kwangu.

"Humo," nikawaambia, "hamna chenu."